Daraja la Meno na Nguzo Zake

Hotuba kwa wananchi wa Kiptere, Kaunti ya Kericho, juu ya kulitunza daraja la meno nyumbani



Nafurahi kupata nafasi ya kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo kwa sura ni dogo, lakini limekwisha kuwagharimu wengi fedha nyingi, na meno pia. Nitasema juu ya daraja la meno, na hasa juu ya kazi ya kulitunza nyumbani. Kazi ya daktari huisha siku ile mgonjwa anapoteremka kitini. Kazi inayobaki ni ya mwenye kinywa, nayo ni ya kila siku kwa miaka yote daraja litakapokuwamo.

Kwanza yafaa tuelewane daraja ni kitu gani, maana nimesikia watu wakilichanganya na meno ya kuvaa na kuvua. Meno ya kuvua hutolewa usiku, yakasuguliwa, yakatiwa katika bilauri ya maji. Daraja halitoki. Limeshikwa kwa saruji ya daktari juu ya meno yaliyo hai, kama vile daraja la barabarani linavyokalia nguzo mbili, moja kila ukingo wa mto. Jino la pengoni ni bandia. Halina mzizi, limekaa tu juu ya ufizi. Meno ya kando ndiyo nguzo. Daktari huyachonga na kuyavisha kofia za madini au za kauri, na kofia hizo zimeunganishwa na jino bandia kuwa kitu kimoja. Iko na namna nyingine, ambayo meno ya kando hayachongwi sana, bali jino bandia lina bawa jembamba, moja au mawili, linalogundishwa kwa nyuma ya meno ya jirani. Katika habari za namna hii hutajwa sana Mfaransa Rochette, aliyeandika mwaka 1973, nayo hutumika zaidi kwa meno ya mbele, ambayo hayabebi mzigo mzito kama magego.

Wala msidhani kwamba hii ni tamaa ya watu wa siku hizi. Waetruski, watu wa kale wa Italia, walikuwa wakifunga meno bandia kwa ukanda wa dhahabu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na kanda hizo zimefukuliwa makaburini mwao zikiwa bado zimekumbatia meno.

Katika nchi hii ya Wakipsigis pengo lina historia yake. Wazee waliomo humu wanajua vizuri kuliko mimi kwamba zamani kijana aling'olewa meno mawili ya mbele ya taya la chini. Majirani zetu Wajaluo, ng'ambo ya Sondu, waling'oa sita. Sababu zilizotajwa ni mbili: kwanza, ilikuwa alama ya mtu wa kabila, tena, mtu akishikwa na pepopunda, taya likajifunga, aliweza kunyweshwa maziwa au uji kwa kupitia pengo lile. Sikuja hapa kuwacheka wazee. Wakati hapakuwa na sindano ya kuzuia pepopunda, mlango ule mdogo ulikuwa akili. Lakini desturi imepungua sana, na pengo la siku hizi mara nyingi huletwa na mambo mengine: jino lililooza kwa sukari, au ajali ya bodaboda. Basi yuko mzee mwenye pengo la kale ambaye sasa anataka kuliziba, na yuko kijana aliyeanguka na pikipiki mwaka jana. Wote wawili huweza kutoka kwa daktari na daraja lililo mahali pale pale, yaani mbele, katika taya la chini.

Na mahali hapo, ndugu zangu, ndipo penye taabu. Chini ya ulimi, nyuma kabisa ya meno ya mbele ya chini, kuna matundu madogo yanayotoa mate. Mate yana chumvichumvi za madini ndani yake, kama maji ya kisima yanavyoacha gamba jeupe katika birika. Ukoga laini ukiachwa juu ya meno, madini yale huuingia na kuugeuza kuwa jiwe. Ndiyo maana watu wengi, hata wenye meno mazuri, wakipitisha ulimi nyuma ya meno ya chini huhisi kitu kigumu cha kukwaruza. Hakuna mahali kinywani panapofanya jiwe haraka kuliko hapo. Mtu akitiwa daraja hapo naye halisafishi, jiwe hujenga ukuta kati ya daraja na ufizi, na nyuma ya ukuta ule vijidudu hukaa raha mustarehe.

Sasa sikilizeni neno ambalo ningependa mwende nalo nyumbani. Daraja lenyewe halipatwi na kutu wala halitobolewi na vijidudu. Kinachooza ni nguzo, yaani lile jino lenu la kweli lililojificha ndani ya kofia, na huanzia pale ukingoni kofia inapokutana na ufizi. Uozo ukiingia hapo, hauonekani, kwa kuwa kofia imeufunika. Tena jino likiwa limekwisha kutolewa kiini chake na daktari kabla ya kuvishwa kofia, haliumi hata likioza lote, maana hakuna tena mshipa wa kuleta habari.

Namkumbuka mama mmoja mchuma chai, ambaye jina lake sitalitaja. Alikuwa na daraja la meno matatu, nguzo mbili na jino moja bandia. Kwa nje lilikuwa linang'aa, maana alilisugua kila asubuhi kwa bidii. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chini ya lile jino la katikati kuna kipenyo, na kwamba brashi haipiti hapo. Kwa miaka saba hakuhisi maumivu yo yote. Siku moja akila muhindi wa kuchemsha, daraja likatoka zima, na ndani ya kofia moja ulikuwamo mnofu wa jino laini kama jibini. Alikuwa amekuja kuziba pengo la jino moja, akaondoka na pengo la meno matatu. Fedha za daraja lile zilikuwa zimetoka katika bonasi ya chai, na ninyi mnajua bonasi husubiriwa namna gani katika nyumba yenye watoto wa shule.

Basi, jinsi ya kusafisha. Sugueni meno mara mbili kila siku, na mara ya usiku isikose kamwe, kwa kuwa mtu alalapo mate hupungua na kinywa hakijioshi. Tumieni brashi laini. Ngumu hukwangua ufizi ukarudi nyuma, ukaacha wazi ule ukingo wa kofia ambao tunataka ufunikwe. Dawa ya meno iwe yenye floridi. Tazameni maandishi ya ubavuni mwa paketi, nazo nyingi zina sehemu 1,000 hadi 1,500 katika kila milioni. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Ielekezeni brashi kwenye mpaka wa jino na ufizi, kwa mshazari, na msukume kidogo kidogo. Msisahau upande wa ndani, wa ulimi. Watu wengi husafisha upande wa kuonyesha watu tu. Mkimaliza temeni povu, lakini msisukutue sana kwa maji, ili floridi ibaki juu ya meno ifanye kazi yake usiku.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa kwa uzi, na hapa nitakawia kidogo.

Mganga wa meno mmoja wa mji wa New Orleans katika Marekani, Levi Spear Parmly, aliandika mwaka 1819 akiwasihi watu wapitishe uzi wa hariri kati ya meno yao. Siku hizi uzi ni wa nailoni, na huuzwa katika maduka ya dawa. Kwa meno ya kawaida mtu huushusha uzi kutoka juu, kati ya jino na jino. Kwa daraja haiwezekani, kwa sababu meno yake yameungana. Ni lazima uzi upitishwe kwa ubavuni, chini ya jino bandia, kama mtu anayepitisha kamba chini ya daraja la mto. Wenye maduka ya dawa huweza kuwa na kitanzi kidogo cha plastiki, mfano wa sindano isiyochoma, ambacho uzi hutungwa ndani yake kisha kikasukumwa chini ya daraja toka upande wa midomo kwenda upande wa ulimi. Pia uko uzi uliotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, wenye ncha ngumu na sehemu ya katikati iliyotutuka kama sufu. Mkikosa vyote viwili, chukueni uzi wa meno wa kawaida, ncha yake ipakwe nta safi, muisokote kwa vidole mpaka ikakamae. Mara nyingi itapita.

Uzi ukiisha kupita, msiuvute tu ukatoka. Shikeni ncha zote mbili. Kwanza upelekeni huku na huku chini ya tumbo la jino bandia, mkilifuta. Kisha uzungusheni ukumbatie ubavu wa nguzo ya kwanza, muushushe taratibu mpaka uingie kidogo chini ya ufizi, mupandishe na kushusha mara tano sita. Halafu nguzo ya pili vivyo hivyo. Mwisho achilieni ncha moja, muuvute uzi utoke kwa ubavuni kama ulivyoingia. Msiuinue juu kwa nguvu, hasa daraja likiwa la mabawa. Inusheni ile nyuzi. Ikinuka, mmejua wenyewe kulikuwa na nini huko chini.

Siku za kwanza ufizi utatoka damu, na hapo ndipo watu wengi huacha, wakisema uzi umewaumiza. Sivyo. Ufizi wenye afya hautoki damu kwa kuguswa na uzi. Unaotoka damu ni ule uliokwisha vimba kwa uchafu, nao hupona kwa kusafishwa. Endeleeni kila usiku. Zikipita wiki mbili na damu haijakoma, nendeni mkatazamwe. Wenye ugonjwa wa kisukari wawe na hadhari zaidi, kwa kuwa fizi zao huharibika upesi. Na wavuta sigara wajue kwamba moshi huficha damu, hata ufizi mgonjwa ukaonekana kama mzima.

Wazee ambao macho yamepungua nguvu au vidole vinatetemeka, msione haya kuitisha msaada. Mjukuu anayeweza kutunga uzi katika sindano ataweza kutunga na kitanzi hiki. Vile viburashi vidogo vya kupita kati ya meno navyo hufaa sana kwa mkono usio mwepesi, mradi viwe vya ukubwa unaoingia bila kulazimishwa. Lakini msitie pini, wala waya, wala kijiti cha kiberiti.

Mtaniuliza juu ya mswaki wa mti. Mimi siupingi. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliusifu mwaka 1986 katika nchi ambako ni desturi, na mtu aliyeutafuna vizuri mpaka ukawa laini husafisha nyuso za meno barabara. Hata hivyo mswaki wa mti hauna njia ya kupita chini ya daraja, kama brashi ya dukani isivyokuwa nayo. Atumiaye mti bado anahitaji uzi. Mkaa, walakini, naupinga. Unafaa ndani ya kibuyu cha mursik, ambako wazee wetu waliuweka kwa hekima yao. Juu ya daraja ni kama mchanga juu ya kioo. Hukwaruza kauri ikapoteza mng'ao wake, na kauri iliyokwaruzwa hushika ukoga upesi.

Na chai? Nani atakuja Kericho akanene vibaya juu ya chai! Mchai huvuta floridi kutoka udongoni na kuiweka katika majani, na kikombe cha chai kina kiasi chake. Chai itatia rangi kidogo ukingoni mwa kofia, basi. Mwenye hatia ni sukari, na kosa lake kubwa ni kurudiarudia. Vikombe viwili vyenye sukari vinavyonywewa pamoja na chakula si kitu kama chupa ile ya chai inayochukuliwa shambani na kunywewa funda kwa funda tangu asubuhi mpaka saa nane. Kila funda huwapa vijidudu chakula, nao hutoa asidi kwa muda wa nusu saa au zaidi. Kabla hawajanyamaza, funda jingine limefika. Mwenye daraja anywe chai yake kwa wakati wa kula, na katikati ya hapo anywe maji.

Juu ya vyakula vigumu sitasema mengi. Ugali, mboga, maziwa, nyama laini, kuleni kama zamani. Miwa ya Soin msiimenye kwa daraja la mbele. Ikateni kwa kisu vipande vidogo, mtafune kwa magego. Muhindi wa kuchoma upukuchueni kwa mkono. Na kijana anayefungua soda kwa meno mbele ya wenzake, yeye nadhani anatafuta daraja la pili.

Sasa kuna jaribio dogo ambalo kila mwenye daraja aweza kulifanya mbele ya kioo, mara moja kwa mwezi. Acheni mate yalowe ukingo wa daraja, kisha libonyezeni kwa kidole, juu na chini, taratibu. Mkiona vipovu vya mate vikitokea penye mpaka wa kofia au wa bawa, jueni saruji imeachia upande huo, ijapokuwa daraja bado halijaanguka. Hali hii ni mbaya kuliko kuanguka. Daraja lililoanguka humlazimisha mtu kwenda kwa daktari. Lililoachia upande mmoja hushikiliwa na upande wa pili, mtu akala na kucheka nalo, huku mate na sukari vikiingia chini ya kofia iliyolegea vikila jino mchana na usiku. Dalili nyingine ni ladha mbaya isiyoondoka, harufu mahali pamoja, ufizi uliovimba au kutoa usaha, na uzi unaokwama au kuchanika mahali ambapo zamani ulipita vizuri.

Hata pasipo dalili, nendeni mkatazamwe kila miezi sita, au kama daktari wenu atakavyoagiza, mkaondolewe lile jiwe nililolisema. Hilo haliondoki kwa brashi, na msijaribu kulibandua kwa msumari. Daraja lililotunzwa huweza kukaa miaka 10 na zaidi.

Tena angalieni ni nani anayewatia daraja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na leo kila daktari wa meno wa Kenya hupaswa kuwa ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kumwuliza mtu cheti chake si utovu wa adabu. Mtu akija sokoni na mfuko, akamwaga plastiki laini pengoni ikashikamana na meno ya jirani na ufizi mpaka ikakauka, hilo si daraja. Halina kipenyo cha uzi kupita hata kidogo, na meno liliyoyakamata hulegea yote.

Mwisho, daraja likitoka. Msilitupe, wala msiligundishe kwa gundi ya dukani, ile ya viatu au ya vyombo. Gundi hiyo huunguza ufizi, hulikalisha daraja upande, na humzuia daktari kulirudisha. Msilirudishe kinywani na kulala nalo likiwa limelegea, kwa kuwa laweza kuingia kooni na kushuka mapafuni. Lioshweni kwa maji, litieni katika kikombe au kopo safi lenye kifuniko, na jino lililobaki wazi mlisugue taratibu kwa dawa yenye floridi. Kisha nendeni upesi, katika siku chache, maana meno hayakai kusubiri. Husogea kuelekea pengo, na baada ya majuma machache daraja lile lile halitaingia tena. Daktari akikuta nguzo ni nzima na daraja halikuvunjika, mara nyingi huligundisha siku hiyo hiyo, kwa gharama ndogo sana kuliko daraja jipya.

Sasa nitapokea maswali yenu. Wenye madaraja kinywani wangoje baadaye kidogo pale penye mwanga, dirishani. Nina kioo, nina uzi na vitanzi, na kila mmoja ataupitisha kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaondoka.